Bibi Nightingale na Shahada ya Uuguzi: Kitabu Kisifiwacho Kuliko Kusomwa

Wanafunzi waingiao katika vyuo vikuu vya Kikristo vya nchi zetu ili kusomea shahada ya uuguzi hulisikia jina la Florence Nightingale kabla hawajaijua vyema njia ya kwenda bwenini. Hulisikia katika hotuba ya kuwakaribisha, hulisikia tena katika ibada ya asubuhi, na siku ya kuvikwa sare na kushikishwa mishumaa huambiwa kwamba wao ni mabinti wa yule Bibi wa Taa. Wanaume walio kati yao, nao siku hizi si wachache, hutazama chini na kungoja maneno hayo yapite. Walakini kitabu chake ni haba wakisomao. Katika maktaba ya chuo kimoja nilikikuta kati ya vitabu vilivyochakaa kwa kushikwa, nacho kilikuwa safi kama siku kilipotoka kwa mpiga chapa.

Kitabu hicho chaitwa Notes on Nursing, yaani maelezo juu ya uuguzi. Kilitoka London mwishoni mwa mwaka 1859, na katika mwaka 1860 mwenyewe alikitoa mara ya pili, akikiongeza. Si kinene. Jina lake kamili laahidi kueleza uuguzi ni kitu gani na si kitu gani, nami nadhani nusu hiyo ya pili ndiyo iliyompendeza zaidi, maana ni hodari wa kukemea. Katika dibaji aonya kwamba hakukiandika ili kiwe cha kuwafundisha wauguzi kazi yao. Amewaandikia wanawake wote ambao siku moja au nyingine watakabidhiwa afya ya mtu, awe mtoto au mzee. Basi mtu aweza kuuliza: kitabu kilichokataa chenyewe kuwa cha shule chamfaa nini mwanafunzi wa shahada? Katika Tanzania mwanafunzi huyo ana miaka 4 ya masomo mbele yake, na mwaka 1 wa mazoezi ya kazi baada ya hiyo. Hujifunza jinsi mwili ulivyoundwa, dawa, vijidudu, ukunga, magonjwa ya akili, takwimu na uongozi. Amezidi kujua mambo mengi ambayo Bibi Nightingale hakuyajua. Nasema chamfaa sana, walakini si kwa sababu watajazo wale wamsifuo. Wao humsifu kwa taa yake, na kitabu chake ni cha macho.

Habari ya taa yataka kunyoshwa kwanza. Mwezi wa Novemba 1854 Bibi Nightingale alifika Scutari, ng'ambo ya mji wa Istanbul, pamoja na wanawake 38, awauguze askari wa Kiingereza waliokuwa wakipigana vita vya Crimea. Gazeti la The Times likaeneza sifa ya bibi apitaye usiku kati ya vitanda na taa mkononi, na mwaka 1857 mshairi Longfellow wa Marekani akaitungia sifa hiyo shairi. Tangu hapo wachoraji wakampa taa ya mafuta yenye mdomo mrefu, kama ile ya hadithi ya Aladini. Taa iliyotumika kweli ilikuwa ya Kituruki, ya kukunjwa, yenye mshumaa ndani, na Waturuki huiita kwa jina lile lile tulilo nalo sisi pwani, fanusi. Nami naona neno letu lamfaa kuliko picha zote. Taa ya Aladini husuguliwa ili mambo yatokee yenyewe. Fanusi huchukuliwa ili mtu aone akanyagapo.

Hata kiapo kisomwacho siku ya mishumaa, chenye jina lake, si chake. Kilitungwa mwaka 1893 mjini Detroit, na kamati iliyoongozwa na Bibi Lystra Gretter. Bibi Nightingale alikuwa hai bado, mwenye miaka zaidi ya 70, ng'ambo ya bahari. Sisemi kiapo kiachwe. Kusema ahadi mbele ya watu ni jambo jema, na mzazi aliyeuza ng'ombe ili mwanawe asome astahili siku moja ya kuona mishumaa. Nasema tu kwamba mwanafunzi apewe na yule bibi mwenyewe, si jina lake tupu.

Maana yule bibi mwenyewe alifanya nini baada ya vita? Alihesabu. Aliketi na William Farr, mtaalamu wa hesabu za vizazi na vifo vya Uingereza, wakazipanga hati za askari waliokufa, ikaonekana wazi kwamba waliouawa na majeraha walikuwa wachache kuliko waliouawa na magonjwa ambayo yangaliweza kuzuiwa. Tena kwamba vifo vya Scutari vilipungua sana tangu mwezi wa Machi 1855, ilipofika tume ya afya kusafisha mifereji ya maji machafu na kuingiza hewa majengoni. Mwaka 1858 alichapisha mchoro wake wa duara uliogawanywa kama vipande, ili mawaziri wasiopenda kusoma tarakimu wazione kwa macho. Na mwaka huo huo Chama cha Takwimu cha London kikamwingiza, mwanamke wa kwanza kuingia humo. Sasa uliza wanafunzi wetu ni somo gani wanaloliogopa kuliko yote. Watakuambia takwimu. Na yawezaje kuwa vingine, ikiwa hufundishwa na mtu aliyeazimwa kutoka idara nyingine, ambaye mifano yake yote ni magunia ya mahindi? Hilo ndilo somo ambalo chuo kingaliweza kulifungua kwa jina la Bibi Nightingale bila kutia chumvi hata kidogo, na ndilo wasilolitaja naye.

Sasa nije kwenye kitabu. Sura zake ni 13 pamoja na hitimisho, na vichwa vyake ni vya kawaida mno: hewa, nyumba, kelele, chakula, kitanda, mwanga, usafi. Atakaye mambo makubwa atakifunga upesi. Lakini asome sura ya chakula. Bibi Nightingale ashikilia kwamba kila mwaka wagonjwa kwa maelfu hufa njaa katikati ya chakula tele, kwa kuwa hapana aliyetazama ni saa ngapi mgonjwa aweza kula. Yuko asiyeweza kumeza kitu kabla ya saa tano ya mchana. Chakula chake huletwa saa moja, hakiguswi, huachwa kando yake kipoe mpaka akichukie, kisha huondolewa, na daftari huandikwa kwamba mgonjwa hana hamu. Mahali pengine kitabuni apambanua sababu nne: huenda ikawa chakula kimepikwa vibaya, huenda ikawa hakikuchaguliwa vyema, huenda ikawa saa si yake, na huenda ikawa kweli hana hamu. Zote nne huandikwa kwa neno moja, walakini dawa zake ni mbalimbali. Huu ni uchambuzi wa kweli. Mwalimu wa chuo kikuu aliyezoea kudai wanafunzi wake watenge sababu na sababu hatapata mfano ulio bora, nao watoka katika bakuli la uji.

Na hapa msomaji wa kwetu hukiona kitabu mahali kinapopungukiwa. Bibi Nightingale huwaza chumba kimoja, mgonjwa mmoja, mwuguzi mmoja, na mtumishi aitwaye kwa kengele. Wodi zetu si hivyo. Chakula hupikwa na ndugu, huja ndani ya kikapu na chupa ya chai, saa ya kuona wagonjwa; mwuguzi ana vitanda vingi kuliko macho yake; na ajuaye kweli mgonjwa amekula nini ni yule shangazi aliyelala sakafuni kwenye ukumbi. Nimepekua kitabu chote nikimtafuta shangazi huyo, asionekane. Wageni wamo, lakini karibu kila mara ni wasumbufu: huzungumza kwa kunong'ona mlangoni, husugua nguo zao, huketi kitandani. Atakayefundisha kitabu hiki kwetu hana budi kumwingiza shangazi, amfundishe mwanafunzi kumwuliza yeye pia.

Nimefika penye kiini, yaani sura ya kutazama wagonjwa. Humo mwandishi aeleza kwamba kumwangalia mgonjwa si kumtazama. Macho yaweza kuwa wazi na yasione. Tena aonya juu ya maswali yaliyo na jibu ndani yake. Ukimwuliza mgonjwa kama amelala vyema, mmoja atasema amelala vibaya kwa sababu hakupata saa kumi za usingizi mfululizo, na mwingine ambaye amesinzia tu kidogo kidogo atasema hakulala vibaya. Heri umwulize amelala saa ngapi, na zilikuwa saa zipi za usiku.

Ndugu msomaji, onyo hilo liliandikwa kwa ajili ya London, lakini sijui mahali lilipo na nguvu kuliko katika lugha yetu. Tazama jinsi tunavyoamkiana. Mwuguzi kijana aingia wodini asubuhi, na kwa kuwa ana adabu, aanza kwa kumwamkia mzee: Shikamoo, babu. Marahaba, mwanangu. Hujambo? Sijambo. Umeamkaje? Salama. Habari za usiku? Njema, namshukuru Mungu. Hayo yote husemwa na mtu ambaye tangu usiku wa manane hajapata haja ndogo, na tumbo lake limejaa kama ngoma. Hakusema uongo. Amejibu maamkio, na maamkio kwetu hayajibiwi kwa ubaya. Mtu atajibu njema hata akiwa matangani. Mwuguzi aliyefundishwa kwa Kiingereza kuandika ripoti huandika kwamba mgonjwa hana malalamiko, huenda kitanda cha pili.

Lakini ajuaye lugha yake ajua pia kwamba maamkio yetu yana mlango wa nyuma. Baada ya njema huja kituo kidogo, kisha huja neno ila. Njema, ila mtoto hakulala. Salama, ila huu mguu. Ugonjwa wote wa nchi hii hupita katika neno hilo. Mwuguzi hana budi kulingoja, na kulingoja kwataka asimame pale kitandani muda wa kuvuta pumzi mbili au tatu baada ya kujibiwa, asiwe amekwisha geuza mgongo. Akiona halikuja, basi ndipo aulize kama Bibi Nightingale alivyoagiza: Babu, umekwenda haja mara ngapi tangu jua kuchwa? Swali hilo halina njema ndani yake. Laweza kujibiwa kwa hesabu tu. Na kwa kuwa mwuliza ni kijana na mwulizwa ni mzee, labda wa jinsia nyingine, kuna namna ya kuliuliza kwa sauti ya chini na kwa kuinama, ambayo hapana kitabu cha Kiingereza kitakachoifundisha. Bibi yake aliyemlea amemfundisha tayari, na chuo kingefanya vyema kutomsahaulisha.

Kadhalika maneno ya maumivu. Masomo ya shahada ni kwa Kiingereza, wala sina ugomvi na hilo, kwa kuwa vitabu vya tiba viko katika lugha hiyo. Lakini mgonjwa hasemi kwa Kiingereza. Yeye asema tumbo linanyonga, au linasokota, au linakata, au linawaka moto, kidonda kinapwita, ubavu una kichomi, mguu una ganzi, moyo unakwenda mbio, kifua kinabana. Kila neno ni dalili yake. Kupwita ni maumivu yaendayo pamoja na mapigo ya moyo, na mwuguzi asikiapo neno hilo juu ya kidonda kilichofungwa jana, yampasa afikiri usaha. Kunyonga huja na kwenda, kuwaka hakuondoki. Nimeona madaftari ya wanafunzi ambamo maneno hayo yote yamegeuka neno moja la Kiingereza, maumivu, na kando yake tarakimu kutoka 0 hata 10. Tarakimu ni nzuri, yaeleza wingi, namna haielezi. Au chukua neno homa. Kwa mmoja ni joto la mwili; kwa mwingine ni kuumwa tu, awe na joto au asiwe nalo. Mwanafunzi aandikaye homa kwa kulisikia, asiweke kipimajoto, amekwisha potea. Na awekaye kipimajoto, akaona hapana joto, akamwambia mgonjwa kwamba hana homa, naye amepotea, maana amemwambia mtu anayeumwa kwamba haumwi. Kama ningekuwa na amri juu ya mafundisho hayo, ningeagiza kwamba kila daftari la mwanafunzi liwe na mstari mmoja wa neno la mgonjwa mwenyewe, kama alivyolisema, kabla halijafasiriwa.

Ni katika sura hiyo hiyo Bibi Nightingale asemapo jambo ambalo vyuo vya Kikristo vingalipaswa kulisikia kwanza. Asema kwamba mtu asipoweza kwa njia moja au nyingine kuipata desturi ya kutazama, heri aache uuguzi, kwa kuwa si wito wake, hata kama ni mwenye huruma na bidii kiasi gani. Msomaji alipime neno hilo. Mwandishi huyu alikuwa mtu aliyeandika kwamba tarehe 7 Februari 1837, akiwa na miaka 16, Mungu alimwita kumtumikia. Mtu aliyekwenda mwaka 1851 kujifunza kwa mashemasi wanawake wa Kaiserswerth huko Ujerumani, katika nyumba iliyoanzishwa na mchungaji Theodor Fliedner. Hakulidharau neno wito. Lakini alipotaka kulipima hakutazama machozi wala sala za mwuguzi. Alitazama kama ameona.

Kwetu neno hilo latumika vingine. Limekuwa jibu la kila swali. Mwanafunzi akiuliza kwa nini glavu zimekwisha, aambiwa uuguzi ni wito. Akiuliza mshahara atakaolipwa utalipaje mkopo aliokopeshwa kwa ajili ya ada, aambiwa vivyo hivyo, kana kwamba mkopo nao ni wito na utajilipa kwa sadaka. Jambo hili si dogo kwa kijana aliyetoka katika nyumba ya wakulima, ambaye wadogo zake watatu wangoja amalize ndipo nao waanze. Shule iliyofunguliwa kwa mfuko wa Nightingale katika hospitali ya St Thomas' mjini London, mwaka 1860, ilianza na wanafunzi 15. Hao walipewa malazi, chakula, sare, na pauni 10 kwa mwaka. Bibi aliyeitwa na Mungu hakuona haya kuwapa wanafunzi wake fedha. Niwatendee haki walimu wa vyuo vyetu: wengi wao hulitamka neno wito kwa moyo safi, na wengine wamelilipia wao wenyewe kwa miaka ya kazi mahali pasipo barabara. Neno lenyewe silikatai. Nalikataa linapotumika kama kifuniko cha chungu.

Na liko jambo lingine lililo karibu na hilo, nalo ni gumu zaidi kulisema katika kurasa hizi. Sura moja ya kitabu ni juu ya matumaini ya porojo, yaani wale wajao kumwambia mgonjwa kwamba atapona tu, hajambo kabisa, asiwe na hofu. Bibi Nightingale huwachapa bila huruma. Kwa upande mmoja naona amezidisha, na amezidisha kwa sababu hakujua pole. Msukuma au Mchaga aliyetembea tangu alfajiri ili asimame penye kitanda na kusema pole hatabiri neno lolote. Amekuja kuchukua sehemu ya mzigo, na mgonjwa ajua hivyo. Kwa upande mwingine amepiga penyewe. Mwanafunzi katika chuo cha Kikristo hufundishwa kuomba pamoja na wagonjwa, na ni vyema afundishwe. Lakini iko sala iletwayo kama kizibo. Mama mwenye uvimbe katika titi aanza kusema kwamba yeye anafikiri juu ya watoto, nani atawalea. Na kijana mwuguzi, kwa kuwa ameogopa maneno hayo, amkatiza upesi: tuombe, mama. Mama afumba macho. Akifumbua, lile alilotaka kulisema limekwisha rudi ndani, na halitatoka tena siku hiyo. Lingetoka, labda ingejulikana kwamba hataki kupasuliwa kwa kuwa hapana wa kumkamulia ng'ombe wake, na hilo lina dawa. Sala ingalingoja dakika kumi.

Hospitali ya KCMC mjini Moshi, iliyofunguliwa mwaka 1971 na ambayo chuo kikuu kimekua kando yake, iliwekwa na makanisa chini ya shirika lililojiita kwa jina la Msamaria Mwema. Bugando ya Mwanza ni ya Wakatoliki, na Baraton iliyoko Nandi, Kenya, ni ya Waadventista. Hata hivyo mfano wa Msamaria husomwa kote, na kwa kawaida huhubiriwa kwa ajili ya huruma yake. Lakini usome pamoja na sura ya tatu ya kitabu hiki, ile ya usimamizi mdogo mdogo, utaona jambo lingine. Sura hiyo yasema kwamba ubora wa mwuguzi hujulikana katika yale yatendekayo asipokuwapo. Yule Msamaria alifunga majeraha, akayamiminia mafuta na divai, na hapo huruma ilikuwa imekwisha tosha kwa mahubiri. Yeye akaendelea. Alimfikisha nyumba ya wageni. Kesho yake, kwa kuwa alikuwa na safari, akamlipa mwenye nyumba dinari mbili, akamwagiza amtunze, akaahidi kurudi na kulipa kitakachozidi. Hiyo ndiyo zamu iliyokabidhiwa sawasawa: mgonjwa ana mtu, fedha ipo, na mwenye kukabidhi ametaja kwamba atarudi. Wagonjwa wangapi huzidiwa katika nusu saa ile ya kubadilishana zamu, wa usiku akiwa amekwisha vua sare na wa asubuhi hajafika? Somo la uongozi, ambalo wanafunzi hulidhani la kuwatayarisha kuketi ofisini, mwanzo wake ni hapo.

Sifa zimekuwa nyingi, na kitabu kina makosa makubwa ambayo mwalimu asiyaonee haya. Bibi Nightingale hakuamini kwamba ugonjwa hupita kutoka mtu hata mtu kwa mbegu yake. Aliwacheka waliodhani kwamba magonjwa ni kama mbwa na paka, kila moja likizaa aina yake. Yeye alidai kwamba aliona ndui ikizuka yenyewe katika vyumba vichafu. Alikosa. Robert Koch alikionyesha kijidudu cha kifua kikuu mwaka 1882, na tangu hapo magonjwa ni kama mbwa na paka hasa. Mwanafunzi atakayemfuata bibi katika hilo ataua watu. Mwaka 2023, homa ya Marburg ilipotokea mkoani Kagera, madirisha na jua havikutosha. Ilitakiwa kujua kwamba ugonjwa ule huambukizwa kwa damu na majimaji ya mwili, na kuvaa ipasavyo kabla ya kumgusa mtu. Ajabu ni kwamba kwa sababu zisizo za kweli aliamuru mengi yaliyo ya kweli: mwuguzi anawe mikono mara nyingi mchana kutwa, dirisha lifunguliwe, uchafu uondolewe usifunikwe. Ugonjwa wa korona ulipoingia mwaka 2020, na katika wodi za kifua kikuu tangu zamani, tulirudishwa kwenye sura yake ya kwanza, ile ya hewa. Darasa zuri lingechukua ukurasa mmoja wake na kutenga lililo amri na lililo sababu, lione jinsi mtu aweza kuona sawasawa na kueleza vibaya. Ni zoezi la chuo kikuu hasa, tena lafaa kwa unyenyekevu, maana vitabu vyetu vya leo navyo vitakuja kusomwa hivyo.

Kosa lake la pili lahusu shahada yenyewe. Tangu mwaka 1887, wauguzi wa Uingereza walipounda chama ili waandikishwe kwa sheria baada ya kufanya mtihani, yeye aliwapinga. Alisema kwamba mtihani wapima kumbukumbu, haupimi tabia, na kwamba mwuguzi hawezi kuthibitishwa na karatasi. Sheria ilipita mwaka 1919, naye amekwisha fariki tangu 1910. Chuo kikuu cha Minnesota, Marekani, kilikuwa na shule ya uuguzi tangu 1909, na Edinburgh ikafungua idara yake mwaka 1956. Mimi nasimama upande wa waliomshinda. Mtihani una kasoro alizozitaja, lakini pasipo mtihani aliyechagua mwuguzi alikuwa bibi mkuu wa hospitali na mapendeleo yake. Karatasi humlinda maskini asiyejulikana. Na mwuguzi asiyejua kipimo cha dawa hafai kitu kwa kuwa na tabia njema.

Hata hivyo hofu yake haikuwa bure. Katika wodi moja leo utawakuta watatu: mwenye astashahada, mwenye stashahada na mwenye shahada. Mara nyingi mwenye shahada ni mdogo wa wote kwa umri, naye ndiye atakayetiwa sahihi ya mwisho. Yule wa astashahada, mama wa makamo, ametazama watoto wenye nimonia kwa miaka 20. Amwonapo mtoto puani na mbavuni, ajua kabla ya kipimo. Nimewasikia wahitimu wakimwita huyo mtu wa zamani, na nimewasikia akina mama hao wakiwaita wahitimu watoto wa makaratasi. Kitabu hiki hakimpendelei yeyote kati yao. Chasema kwamba miaka mingi kitandani si ujuzi ikiwa mtu hakutazama, na chasema pia kwamba elimu isiyotazama si elimu ya uuguzi. Shahada ina haki yake pale inapompa kijana maneno na hesabu za kulieleza lile ambalo yule mama analiona, ili liandikwe, lihesabiwe, lifike kwa waganga na kwa wakuu wa wilaya. Ikiwa kazi yake ni kumtoa wodini upesi awezavyo, afadhali ada ile ingenunua mashuka.

Kwa mwalimu atakaye kujaribu, nashauri asianze na chapa ya 1860. Mwaka 1861 Bibi Nightingale alitoa nyingine, fupi zaidi na yenye lugha nyepesi, kwa ajili ya watu wa kazi, akaongeza sura moja juu ya kumtunza mtoto mchanga. Humo aliwaacha mabibi wenye watumishi, akasema na wasichana wenyewe wabebao wadogo zao: hewa ya mtoto, joto lake, chakula chake, usingizi wake. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza kutoka Rombo au Sengerema hatahitaji kufasiriwa neno. Amebeba mgongoni wawili au watatu kabla hajajua kuandika, na aweza kuambiwa aandike kurasa mbili, kwa Kiswahili, juu ya jinsi alivyojua kwamba mtoto ameanza kuugua kabla mama hajarudi kutoka shambani.